Kipande cha Mwisho cha Kola

Mkubwa wa mabinti wa ukoo huu, ambaye sote humwita Shangazi, aliolewa mbali, lakini ndugu zake wakigombana ni yeye anayeitwa. Huja na kigoda chake, hukiweka katikati ya ua, kisha hapazi sauti. Hupigapiga goti kwa kiganja mpaka wenye makelele wachoke wenyewe. Juzi Okwudiri na mdogo wake Obinze nusura wakatane mapanga kwa mpaka wa shamba la viazi vikuu. Aliwakalisha mchana kutwa, hadi wakala sahani moja.

Ndipo ikaletwa kokwa ya kola, ile chungu inayovunjwa na kutafunwa na wote, ya kufunga amani. Nani aivunje? Mwanamke haruhusiwi, eti! Akaamshwa Onyekwere, mkubwa wa wanaume, aliyelewa tembo akakoroma shauri zima.

"Amani niliyoileta leo idumu!" akaomba, macho makavu.

Mimi niliyeolewa hapa nilichemka moyoni. Shangazi alipewa kipande cha mwisho, kidogo kama ukucha. Akakifunga kwenye pindo la kitenge.

"Shangazi, mbona hutafuni?" Obinze akauliza.

Alilipiga goti lake kwa kiganja mara moja tu, akabeba kigoda chake.

"Mkigombana tena, mwamsheni huyohuyo."