Ubao Uliofika Kidevuni

Juzi mjukuu wangu alinipigia simu kutoka Dar es Salaam. Siku hizi kila Jumamosi huenda ufukweni kujifunza kupanda mawimbi akiwa amesimama juu ya ubao, na sasa anaona ameshaiva vya kutosha kuachana na ule mrefu wa wanaoanza. "Bibi, wenzangu wote wana mbao fupi. Na mimi nichukue?" Nilicheka mpaka akadhani simu imekatika. Mimi bahari niliiona nikiwa mtu mzima, na mpaka leo sijaiingia kupita magoti. Lakini swali lake nilikuwa nalijua tangu utotoni, na nililijulia mlimani. Kaa nikueleze taratibu, maana wengi nikiwasimulia hawaamini.

Nilikulia Upareni, juu ya Same, miaka ya mwanzo ya Ujamaa. Nyumba ya bibi yangu ilikaa ukingoni mwa mlima. Asubuhi ukungu ulijaa mpaka mlangoni, tukawa tunawasikia mbuzi bila kuwaona. Jua likipanda, ukungu ulifunguka na tambarare yote ikajitandaza chini yetu, kavu, rangi ya kahawia, na treni ikipita huko tulisikia honi yake kabla ya kuuona moshi.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mteremko wa malisho. Ng'ombe waliula mpaka majani yakabaki mafupi, na kiangazi kilipokolea yalikauka, yakalala, yakawa yanateleza kama nywele zilizopakwa mafuta. Watoto wadogo waliuteremka wakiwa wamekalia maganda ya mgomba. Sisi tuliovuka umri huo tulisimama juu ya ubao. Tuliusugua kwa chini na mbegu za nyonyo mpaka ukang'aa, tukaweka mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, tukakunja magoti, halafu tukajiachia.

Sasa sikiliza jinsi ubao unavyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokosea. Ubao mrefu ni mpole. Ukiyumba unakusubiri, ukikosea unakusamehe. Lakini ukishaelekea mahali, umeelekea. Kuugeuza ni kama kumgeuza ng'ombe aliyeona maji. Ubao mfupi unageuka ukibonyeza kisigino tu, ila hausubiri mtu. Ukiwaza jambo jingine, umekwisha kuwa chini.

Na kwenye mteremko wetu kugeuka kulikuwa ndiyo habari yenyewe. Katikati ya njia lilisimama jiwe kubwa, pana kama meza ya mwalimu. Wenye mbao ndefu walijiangusha kwenye majani kabla ya kulifikia. Wenye mbao fupi walilizunguka, wakapotea upande wa pili, na sekunde chache baadaye ukasikia vigelegele vyao kutoka bondeni. Mimi huko bondeni nilikuwa nafika kwa miguu tu, nikitumwa kuni. Sikuwa nimewahi kupita jiwe.

Mwaka ninaokusimulia ulikuwa wa mwisho kwangu. Nilikuwa nimefaulu kwenda shule ya bweni, mbali, na mvua za vuli zikishaanza mteremko ungekuwa tope. Nilikuwa na wiki chache za kulipita lile jiwe, au nisilipite kabisa.

Aliyeniumiza roho zaidi alikuwa binti wa jirani. Tulilingana umri, lakini yeye alikuwa na kibao kifupi kilichomfika kiunoni, na mdomo mrefu kukizidi. Kila nilipotokea na ubao wangu begani alipaza sauti: "Jamani pisheni, mlango unapita! Dada, umewaachia nini cha kufunga kwenu?"

Kusema kweli ulikuwa mlango. Ulikuwa ubao mmoja wa mlango wa ghala la bibi, na ghala lilipobomoka alinipa.

"Wewe cheka," nikamwambia siku moja. "Hicho chako ni mwiko wa ugali."

"Mwiko? Haya, njoo uusonge basi!" Akanitupia kibao chake.

Nilikipanda. Kiliondoka, mimi nikabaki hewani, kisha nikabaki chini, mdomo umejaa udongo na kiwiko kimechubuka. Alicheka mpaka akakaa. Lakini mwenzio, badala ya kuogopa, nilipata wazimu. Niliamua kuukata ubao wangu ufike kiunoni kama wake, siku hiyo hiyo.

Ujue mbao hazikuwa kitu cha kuchezea. Kila kipande kilichopatikana kijijini kilikwenda kwenye darasa jipya tulilokuwa tunajenga kwa msaragambo, ile kazi ambayo Wapare wote hutoka kuifanya kwa pamoja. Mwenye jembe na jembe lake, mwenye ng'ombe na maziwa yake. Nikiuharibu ubao wangu, hakuna ambaye angenipa mwingine. Nilikwenda pale kwenye ujenzi, nikamwamkia mwalimu, "Shikamoo mwalimu," nikamwomba msumeno. Alinitazama kiwiko, akatazama ubao.

"Marahaba. Unakata nini?"

"Ubao wa kuteleza, mwalimu."

"Nenda nao. Ila kumbuka mimi nafundisha kukata. Kuunga sijui."

Nikaucheka utani wake bila kuusikia. Nikafika uani kwa bibi, nikaulaza ubao juu ya kinu kilichoinamishwa, nikachora mstari kwa mkaa. Bibi alikuwa jikoni na chungu cha makande. Makande ya bibi yalikaa motoni tangu alfajiri, mahindi na maharage yakagombana humo mpaka yakapatana, na harufu yake ilifika barabarani kabla yako. Alitoka kufuata kuni, akaniona na msumeno.

"Mke mwenzangu, unaua nini hapo?"

Nikamweleza yote: jiwe, bweni, mvua, kibao cha kiunoni. Nilipofika kwenye mwiko wa ugali machozi yakaanza. Hakunifokea wala hakunibembeleza. Alisema, "Weka msumeno chini. Simamisha huo ubao. Simama nao."

Nikasimama, mgongo umenyooka, ubao ubavuni.

"Unakufika wapi?"

"Kidevuni, bibi."

"Kiangazi kilichopita nilipokupa, ulikuwa unakufunika kichwa. Nilikuwa naona ubao unatembea wenyewe uani. Nani ameukata?"

"Hajakata mtu."

"Basi umeukata wewe, kwa makande yangu. Na unaendelea kuukata kila ukinawa mikono."

Akaniuliza jambo jingine: mara ya mwisho nilipoteleza na ubao wangu, niliangukia wapi? Nikafikiri. Nilikuwa sijaanguka. Kwa wiki nzima nilikuwa najiangusha mwenyewe mbele ya jiwe, kwa mazoea ya mwaka jana, nikiamini ubao hauwezi kugeuka. Nilikuwa sijajaribu kuugeuza tangu nirefuke.

"Mwenzako alikata kidogo kidogo, kafika kiunoni akipitia kifuani," bibi akasema. "Wewe unataka kuruka. Kata hapa." Akaweka kiganja chake kwenye ncha ya nyuma, kikiwa na unga na vumbi la maharage. Upana wa kiganja, basi. "Usipotosha, kesho tutakata kingine. Msumeno upo, ubao upo, mimi nipo."

Hujui jinsi mwili wangu ulivyolegea. Ni kama mtu alikuwa amenitua mzigo wa kuni uliokuwa unaning'ata shingo. Tukakata, yeye ameshika, mimi nakereza.

Jioni ile nilipanda juu kabisa. Binti wa jirani aliangalia ubao, akafungua mdomo, akaufunga. "Haya dada," akasema, "kisigino cha nyuma. Bonyeza mapema, usingoje jiwe likusalimie." Nikajiachia. Upepo ulinijaa masikioni, jiwe likaja, nikabonyeza. Ubao ukasita kidogo, kama kizee chenye heshima zake, halafu ukageuka. Jiwe likapita upande wangu wa kushoto, karibu, na joto la jua lililokuwa limebaki ndani yake likanigusa mguu.

Mjukuu wangu naye nilimjibu hivyo hivyo: achukue uliopungua kiganja tu, asiruke. Siku hizi mteremko ule wote umepandwa miti. Nimeuona, na sina kinyongo. Udongo umeshikamana na vijito havishuki tena vikiwa vyekundu. Mlango wa ghala haupo, wala ghala, wala yule aliyeshika ncha ya ubao nisije nikakata kidole. Watoto wa pale wanateremka kwa pikipiki za kaka zao na hawajui kwamba chini ya miti hiyo kuna njia. Lakini jioni ile hakuna hata kimoja kilichokuwa kimeondoka. Nilikuwa nimelala chali bondeni, majani makavu yananichoma shingo, mzima, nimepita, na juu yangu binti wa jirani anapiga vigelegele kama vile ni yeye.