Kishikwambi Kilichokataa Rukwa

Kishikwambi kiliingia nyumbani kwetu Pito kimefungwa kwenye kitenge, kimebebwa kifuani kama mtoto wa siku tatu. Mama alikuwa anatoka darasa la kisomo cha watu wazima, pale shule ya msingi. Watu wa mradi walikuwa wamegawa vifaa hivyo, kila mwanafunzi akae nacho wiki kadhaa ajifunzie kusoma.

"Usikiguse," aliniambia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usikiguse."

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi, nikakaa, na kwa kweli sijainuka vizuri tangu siku ile. Mama husema mimi na kiti cha barazani tumetoka tumbo moja. Mtu anayeshinda nyumbani hupata muda wa kutosha wa kushuku mambo. Nilikizunguka kile kitu pale mezani. Kina jicho mbele na jicho nyuma. Kinataka kujua jina la mama, umri wake na kata yake. Nikachukua plasta ya kidonda nikaziba macho yote mawili. Watu wa mikoa mingine wakisikia natoka Sumbawanga huniuliza, huku wakisogea pembeni kidogo, kama ni kweli tunasafiri kwa ungo. Siku ile mwoga nilikuwa mimi.

"Kinaumwa?" mama aliuliza alipoona plasta.

"Kinachungulia."

"Kikuchungulie wewe, kuna nini cha kuona?"

Haraka ya mama ilikuwa na sababu. Wanawake wa mtaani kwetu wana kikundi cha kulima ulezi. Katibu wao alikuwa amehamia kijiji cha Kate kumfuata mumewe, na kwenye kikao wakamchagua mama ashike nafasi yake, kwa kuwa hapendelei mtu wala hasemi ya watu. Hakuna aliyeuliza kama anajua kusoma. Naye hakusema. Alikuja kuniambia mimi, jikoni, kwa sauti ya mtu anayeungama. Kikao kinachofuata kingefanyika uani kwetu, na katibu mpya alipaswa kusimama na kusoma muhtasari ulioachwa na mwenzake.

Jirani yetu mmoja, mama mwenye miwani, aliutaka ukatibu ule kwa moyo wake wote. Alishaanza kupita kwetu kila asubuhi. "Dada, ukikwama nipo. Nitakusomea tu, wala usihangaike."

"Akinisomea mara moja," mama aliniambia, "yeye ndiye katibu mpaka nife."

Ndani ya kishikwambi mlikuwa na ndege mdogo wa njano. Neno linatokea, unalisoma kwa sauti, ndege anasikiliza. Ukipatia anapiga mabawa. Ukikosea anainamisha kichwa na kusema kwa sauti tamu, "Jaribu tena." Herufi mama alizishika upesi kuliko nilivyotegemea. Jembe, kuku, nyumba, kote huko ndege alipiga mabawa. Halafu ikaja barua.

"Balua," mama alisoma.

"Jaribu tena."

"Balua!"

"Jaribu tena."

Kesho yake ikaja kura, akasoma kula. Keshokutwa yake likaja jina la mkoa wetu wenyewe, ambalo ni la ziwa letu pia.

"Lukwa," alisema mama kwa furaha ya mtu aliyekutana na ndugu.

Ndege akainamisha kichwa.

"We ndege! Ziwa hilo nimeliteremkia kwa miguu kufuata samaki kabla hujatagwa. Leo unanifundisha jina lake?"

"Jaribu tena."

Siku hiyo alicheka. Wiki ilipoisha hakuwa anacheka tena. Alikuwa anakaa nacho mapajani, anasoma kwa sauti ndogo, anainamisha kichwa pamoja na ndege. "Labda ubongo umeshakomaa, baba," aliniambia. "Kamwambie jirani atanisomea." Na mimi, ni aibu kuandika hili, nilianza kumshuku yeye. Nilidhani hasomi, anatazama picha na kukisia.

Asubuhi moja alipokwenda shambani nikajifungia na kishikwambi nijue ukweli uko wapi. Mimi, mwenye cheti, niliyefaulu Kiswahili kuliko masomo yangu mengine yote, ingawa hayo mengine yalinirahisishia ushindi. Nikakohoa. Nikasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Rukwa."

"Jaribu tena."

Nilijaribu mpaka ulimi ukauma. Kumbe ukoo mzima tuna L moja tu, tuliyokuja nayo kutoka kwenye Kifipa, na tunaitumia kwa kazi zote. Na miaka yote hiyo hakuna mshikaji aliyenidokeza!

Nikavaa viatu, jambo lililowatoa watu barazani, nikaenda shuleni kwa mwalimu wa kisomo, binti kutoka Msanzi mwenye mikono iliyojaa chaki.

"Mwalimu, kile kidude hakimsikii mama."

"Na wewe je?"

Nikamtajia jina la mkoa wetu. Akacheka mpaka akashika ubao.

"Usijali, kaka, hata mimi kinanikatalia. Niliwaandikia watu wa mradi. Wakajibu mwanafunzi aongeze bidii."

"Sasa tukirudishe?"

"Cha nini? Kwa herufi na picha kinanizidi hata mimi, hakichoki. Kusikiliza ndiyo hakiwezi. Kazi ya kusikiliza mpe mtu." Akanitazama toka juu mpaka kwenye viatu. "Wewe si unashinda nyumbani?"

Akanionyesha mahali pa kukizima masikio. Nilikuwa nimeziba macho, kumbe kilichokuwa kinatuumiza ni sikio.

Tukagawana kazi. Asubuhi mama alifanya herufi na kishikwambi kiziwi. Mchana nilimpa muhtasari wenyewe, nilioukopi kutoka daftari la kikundi kwa maandishi makubwa kwenye karatasi za mfuko wa saruji. Yeye anasoma, mimi nimemgeuzia mgongo, naandika ninachosikia. Akimaliza anachukua karatasi zote mbili na kuzilinganisha, kidole kimoja huku, kimoja kule. Siku ya nne akasema:

"Umeruka neno."

"Sijaruka."

"Kwangu wajumbe wawili walichelewa. Kwako wamechelewa wote. Wawili umewapeleka wapi?"

Nikageuka. Kidole chake kilikuwa juu ya neno lenyewe. Pale hapakuwa na picha ya kukisia, wala ndege.

"Na walikupa cheti," akasema.

Siku ya kikao nilijibanza jikoni, karibu na dirisha. Jirani alifika wa kwanza, akafuta miwani yake kwa upindo wa khanga na kukaa mbele kabisa. Mama akasimama na daftari halisi, lenye mwandiko wa katibu aliyehama, umelala kama ulezi uliopigwa na upepo. Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilimzoeza kwa mwandiko wangu tu.

Alisoma polepole. Wajumbe walipiga kula, alisema, na hakuna aliyetikisika, maana wote pale wangepiga hiyo hiyo. Karibu na mwisho akakwama. Jirani akanyoosha mkono.

"Lete, dada, niku..."

"Subili."

Akaweka kidole. Midomo ikacheza bila sauti. Mimi jikoni nilikuwa nalijua neno, na nilijiziba mdomo kwa mkono.

"Kikao... kili... a... hilishwa," mama alisema. "Kiliahilishwa." Akaendelea mpaka mwisho.

Mwenyekiti akauliza kama kuna masahihisho. Jirani alikuwa ameshasimama.

"Lipo! Hapo mnaposema niliahidi debe la mbegu. Sikuahidi. Nilisema nitaangalia."

Mama akarudi kwenye daftari, akapatafuta. "Imeandikwa uliahidi."

"Imeandikwa vibaya!"

"Mimi nimesoma kilichopo, dada."

Wakabishana juu ya debe lile mpaka chai ikapoa. La usomaji wa mama hakuna aliyeligusa, hata jirani. Mwishowe mwenyekiti akachoka.

"Katibu, futa. Andika: ataangalia."

Neno refu kiasi hicho mama hakuwahi kuliandika. Aliomba kalamu, akainama juu ya daftari, na wanawake wote wakamsubiri, herufi moja baada ya nyingine.