Alama Tano Kwenye Ukuta wa Mama Zaituni

Kuna upande mmoja wa soko la Koboko, huku kwetu karibu na mpaka wa Kongo, ambako mpaka leo nikipita nashusha kofia usoni, na haisaidii, maana wale wanawake wauza samaki wakavu wananijua hata kwa mwendo, wanaita kutoka mbali, "Bwana Alama! Leo nyumba ya nani?" Nacheka nao, nitafanyaje, kosa lilikuwa langu lote, na bila wema wa watu wale nisingekuwa na meno ya kuchekea.

Mjue kwanza kwamba niliacha shule darasa la sita kwa sababu sikuweza kukaa (nimekuwa utingo wa lori, fundi simu, muuza viatu, hata nyuki nimefuga kule Logiri mpaka wakahama wenyewe), na kitu kikiniingia kichwani silali mpaka nijue kinavyofanya kazi. Wakati ule kilichoniingia ni lenzi za kamera. Nilikuwa nasaidia kwenye studio ya rafiki yangu Ezati pale Arua, na Ezati akasikia kuna mfanyabiashara Koboko ana lenzi mbili za milimita hamsini: moja ya zamani, ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia, nyingine mpya ya plastiki, nyepesi. Akanipa kamera yake akasema, "Taban, jaribu zote mbili, leta moja, urudi jioni. Na usichunguze mpaka kesho kutwa."

Sasa, anayelinganisha lenzi hahitaji bibi harusi wala maua, anahitaji ukuta wa matofali. Mistari ya matofali imenyooka, kwa hiyo lenzi ikiipinda utaona, na kama katikati inaona vizuri lakini pembeni ina ukungu utaona pia. Unapiga picha ileile kwa lenzi ya kwanza, kisha ya pili, kutoka mahali palepale, halafu unazikuza na kuzilinganisha pembe kwa pembe. Hayo nilijifundisha kwenye simu, na nilijiona profesa.

Nilizichukua lenzi kwa yule mfanyabiashara, nikazunguka kutafuta ukuta, na nyuma ya soko, kando ya barabara ya vumbi, nikaiona nyumba ndefu ya matofali ya kuchoma, haijapigwa plasta hata kidogo. Mlango ulikuwa umefungwa. Kwetu mtu haanzi na shida yake. Anaingia uani, anasalimia, anapewa kiti na maji, kama wenyewe hawapo anauliza jirani. Mimi nikasema moyoni ni dakika kumi tu, tena nautaka ukuta, siwataki wenyewe. Hapo ndipo nilipojiroga.

Nikatoa futi ya utepe, nikapima mita nne kutoka ukutani, nikachomeka vijiti viwili ardhini na kuvifunga kamba ili stendi ya kamera isihame. Kisha, kwa kuwa matofali yanafanana na kamera ilikuwa inahangaika haijui ishike wapi, nikachukua chaki nyekundu nikachora X kubwa katikati ya ukuta, na nilipoona pembeni nako kunahitaji, nikapanda juu ya jerikeni nikaongeza nyingine nne, moja kila pembe. (Ninyi mnaokaa kando ya barabara mmeshaelewa. Huku barabara ikitaka kupanuliwa, nyumba ya kubomolewa huchorwa X nyekundu. Mimi nisiyewahi kuwa na nyumba sikuwaza hata kidogo.)

Jirani mmoja alisimama na baiskeli yake. "Ndugu, hii kazi ya serikali?" Nilikuwa na jicho kwenye kamera, nikamnyamazisha kwa mkono, vile wakubwa wanavyofanya. Akapanda baiskeli, akaenda mbio.

Nilipomaliza nikaenda kibanda cha chai, nikasahau dunia. Ya plastiki ilikuwa na ukungu pembeni, ya chuma ilikuwa safi mpaka mwisho, lakini je, ni kweli au mkono wangu uliitikisa stendi? Nikaangalia tena. Chai ikapoa, nikaagiza nyingine, ikapoa nayo. Kilichonizindua ni kelele za mabati. Mama wa chai alikuwa amesimama mlangoni anatazama nje.

"Kuna nini, mama?"

"Watu ya barabara," akasema kwa Kiswahili cha soko la huko, "nabomoa. Mutu moja nakuja na kamera, naweka alama kwa nyumba ya Mama Zaituni. Sasa watu iko natoa mabati mbele ya tingatinga nafika."

Nilikimbia. Vitanda vilikuwa nje. Nusu ya paa ilikuwa chini, na juu alikuwa Afande Juma, sajini mstaafu, anawaamuru vijana kama wako gwaride. Mwenye nyumba, Mama Zaituni, mjane, alikuwa amekaa juu ya godoro uani, amerudi kutoka meza yake ya samaki, na ubavuni kwake binti yake, kumbe alikuwa amelala mle ndani muda wote, amepakata kitoto cha siku nne. Upande wa Kongo wingu lilikuwa jeusi kabisa.

Yule wa baiskeli akaniona. "Ni yeye! Ndugu, andika na nyumba yangu! Na choo andika! Mimi nataka fidia!"

Bodaboda ya kukimbilia ilikuwa karibu. Kweli niliitazama. Kisha nikakitazama kile kitoto.

"Mama," nikasema, "hakuna barabara. Ni mimi tu. Nilikuwa najaribu lenzi."

"Lenzi nini?"

Nikamwekea ile ya chuma mkononi. Akaigeuza, akachungulia ndani. "Kioo hii kidogo ndiyo natoa mabati yangu?"

Mtu akasema, "Piga yeye!" na wengi wakakubali, nikahisi shati langu limeshikwa nyuma. Afande Juma akanguruma kutoka juu, "Nani napiga? Mukimaliza piga, mabati narudi yenyewe?"

Mama Zaituni akasimama. "Hapana piga. Mikono yake nataka iko mzima. Wewe kijana, iko najua nyundo?"

"Najua, mama." (Sikujua.)

"Panda."

Sijawahi kufanya kazi vile. Wauza samaki walinyoosha misumari iliyopinda juu ya jiwe, wa baiskeli akashika ngazi huku ananung'unika, "Hata choo tu hapana andika?", na Afande akanihesabia, "Moja! Mbili! Hiyo kidole, si msumari!" Mvua ilitukuta bati moja halijarudi. Tukatupia turubai, tukalikalia mimi na Afande, na chini nikasikia binti anasema mtoto yuko pakavu. Nililia, lakini mvua ilinifichia.

Niliposhuka, Mama Zaituni alinizuia mlangoni. "Sasa anza mwanzo." Nikasimama palepale kwenye mvua nikasalimia, nikauliza habari za nyumbani, ndipo akanipa kiti, maji, na sahani ya samaki kubwa kuliko ya Afande.

Akataka kuona nilichokuwa nakitafuta ukutani kwake. Nikamfungulia picha ya lenzi ya chuma, nikaikuza, nikamwonyesha pembe ilivyo safi. Hakutazama pembe. Aliweka ukucha kwenye kioo cha kamera, juu ya tofali moja lenye mashimo manne madogo.

"Hii vidole yangu," akasema. "Mimi nafinyanga yote kule Dranya, kiangazi tatu. Hii moja ilikuwa nataka kuanguka, nashika yeye hivi."

Saa nzima nilikuwa nimeyatazama matofali yake moja moja, hayo mashimo nimeyaona, na nilichofurahia ni kwamba lenzi imeyaonyesha vizuri.

Ezati aliipata lenzi yake kesho yake, na kucheka kwake kulisikika mpaka kituo cha mabasi. Mimi sichori tena X mahali popote, hata kwenye kura naweka dole gumba. Na bati lile la mwisho, nililolipigilia peke yangu asubuhi yake, linavuja. Kila nikifika Koboko Mama Zaituni ananipikia kwanza, halafu ananipandisha paani na lami ya kuzibia.