Edson na Kadi Yake ya Hadithi

Mimi mtu akiziba masikio mbele yangu namchukia, nasema ukweli. Kwa hiyo msimu ule nilipopangwa meza moja na Edson, nilimchukia siku hiyo hiyo, hata chai ya saa nne haijafika.

Shamba letu la kahawa liko juu ya mji wa Karatu, limepakana na msitu wa Ngorongoro. Kahawa ikishaoshwa tunaianika kwenye meza ndefu za waya, halafu mnasimama wawili wawili kutwa nzima, mnaigeuza kwa mikono na kuchambua punje mbovu. Mikono ina kazi lakini mdomo hauna, ndiyo maana habari zote za mji zinaanzia pale. Meza yetu sasa, kimya. Mwenzangu amechomeka waya wa simu masikioni, anatabasamu peke yake. Nikasema huyu ama ana majivuno ama kichwa hakiko sawa.

Edson ni Mnyiramba wa Iramba, Singida. Alikuja kijana kuchuma kahawa msimu mmoja, akabaki miaka ishirini na ushee. Mke alirudi kwao zamani, mtoto hawakujaliwa. Ana chumba chake kwenye kambi ya wafanyakazi, ana jiko la mkaa na kiti kimoja. Nilipokiona hicho kiti kimoja siku niliyompelekea maziwa alipokuwa mgonjwa, nilijisikia vibaya kwa yote niliyokuwa nimemsema.

Ila kabla ya hapo niliuchomoa ule waya. Nilichoka. Nikauweka sikioni mwangu, nikamsikia mwanamume mwenye sauti nzito anasimulia habari za binti aliyeolewa na zimwi.

"Mtu mzima na ndevu zako, unasikiliza ngano za watoto?" nikamwuliza.

Hakukasirika. "Mama Sara, sikiliza kwanza, anakaribia kumgundua."

Nikasikiliza. Mpaka saa ya chakula nilikuwa sijasema neno, na mimi ni Mwiraqw wa Qurus, kunyamaza si kazi yangu. Kumbe kuna fundi simu pale mjini anawajazia watu nyimbo kwenye kadi. Edson yeye alimwambia nyimbo hataki, amjazie hadithi. Akapata za sungura na fisi, za mazimwi, za wafalme wa nchi za mbali, za miungu ya kale iliyokuwa ikigombea wanawake kama walevi. Alikuwa amezirudia misimu mitatu, msimuliaji akiruka neno yeye analisema.

"Kule kambini nani atanisimulia?" akaniambia.

Lakini hadithi aliyoitaka hasa haikuwemo kwenye kadi. Mama yake alikuwa na hadithi ya binti aliyeingia ziwani kumtafuta ndama. Edson aliujua mwanzo, aliujua na wimbo wake, ila mwisho hakuwahi kuusikia kwa sababu kila mara alilala. Mtu wa miaka arobaini na sita, hajui kama yule binti alitoka majini. Jambo hilo lilimkera kuliko maumivu ya mgongo wake. Na mama alishapita themanini, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho, anaona mwanga tu. Kila msimu Edson alisema mwaka huu nakwenda. Hakuna aliyemkataza. Aliahirisha tu.

Basi akampigia Vumilia, binti wa dada yake, anayekaa na bibi na ana simu ya kurekodi. Nilikuwepo akitoa maagizo.

"Watoto watoe nje. Kuku wafukuze. Na wewe mwenyewe usitie neno hata moja, mpaka bibi amalize. Nataka isikike safi kama hizi za kwenye kadi."

"Mwambie na redio azime," nikadakia mimi, kwa kiherehere changu.

Rekodi ikaingia wasapu siku ya Jumatatu. Edson alisikiliza akiwa amesimama pale pale mezani, mikono ikasimama juu ya kahawa. Halafu akanipa waya mmoja, akawa ananitafsiria.

Kwao msimuliaji haanzi hivi hivi. Huuliza kwanza, "Mpo?" na walio chumbani huitikia, "Tupo." Katikati ya hadithi huuliza tena na tena, ajue hawajalala. Wasipoitikia, hadithi imekwisha. Edson anayajua hayo tangu anatambaa. Lakini misimu ile yote ya kusikiliza watu wanaosimulia bila kuuliza kitu ilimsahaulisha.

Mama alikohoa. Akauliza kama wapo. Kimya. Akauliza tena. Kiti kikalia, alikuwa Vumilia huyo, hatua mbili tu kutoka kwa bibi yake, amebana mdomo kama alivyoagizwa.

"Vumilia?" mama akaita.

Mtoto mtiifu yule, hakujibu. Mama akasema neno moja kwa sauti ya chini. Edson alichelewa kunitafsiria. Alisema, "Wameondoka." Baada ya hapo ni pumzi zake tu mpaka rekodi inakwisha.

Alipiga simu kesho yake kuomba msamaha na kuomba arudie. Mama akakataa, akasema hasimulii nyumba tupu, anayetaka hadithi aje aitikie. Edson akasema sawa, Desemba kahawa ikiisha nakuja, na safari hii alikuwa na nia kweli, hata begi alinunua. Mama alifariki Novemba, zikiwa zimebaki wiki tatu. Begi lilikwenda msibani.

Msimu uliofuata akarudi meza ile ile. Kadi ya hadithi sikuiona tena. Alikuwa anasikiliza ile rekodi tu, mara mbili, mara tatu kwa siku.

"Edson, futa hiyo kitu, itakuua," nikamwambia.

"Nikifuta nitabaki na nini, Mama Sara?"

Asubuhi moja ya Agosti ukungu ulishuka mzito, tukaacha kahawa imefunikwa nailoni, tukasimama kungoja jua. Akanipa waya mmoja bila kuniuliza. Akanifundisha lile neno la kuitikia kwa Kinyiramba, akanirudisha mara nne mpaka nikalitamka vizuri. Kisha akabonyeza.

Mama yake akauliza. Tukaitikia wote wawili, kwa sauti, watu wa meza nyingine wakageuka. Akauliza tena. Tukaitikia kwa nguvu zaidi, Edson machozi yanamtoka na wala hayafuti.

"Vumilia?" akaita.

"Tupo, mama," nikasema, kwa Kiswahili, kwa kuwa neno la kwao lilishanipotea.

Kisha mama yake akasema wameondoka.