Shanga Zilipolegea

Mjukuu wangu aliingia chumbani kwangu kajifunga kanga kifuani, shanga zake kazishika mkononi. Zilimvuka nyonga akiwa anaoga, zikateremka mpaka miguuni. Alikuwa anacheka.

"Mke mwenzangu, nipunguzie hizi. Zinanidondoka kama suruali ya mlevi."

Ndivyo tunavyoitana mie na yeye. Mume tunayegombania, babu yake, kafa zamani, lakini utani hauzikwi na mtu.

Sikucheka. Nilizipokea, bado zina maji ya kuogea, nikazitazama kidogo, nikamrudishia. Nikamwambia macho yangu siku hizi hayaoni tundu la shanga. Hilo ni kweli, hata uzi wa sindano napitishiwa na watoto wa jirani. Lakini ningekuwa na macho ya mwewe, bado uzi ule nisingeufungua.

"Peleka kwa bibi yako mkubwa, Charambe," nilimwambia. "Yeye bado anatunga."

Kwetu sie Wazaramo mama haingii kwenye mambo ya shanga za mwanawe. Kuna somo, ndiye anayemfunda, ndiye anayemtungia. Binti yangu, mama wa huyu mjukuu, somo wake alikuwa dada yangu huyo wa Charambe. Mwali akinenepa, somo anaongeza shanga. Akipungua, anapunguza. Mizani hatukuwa nayo, mwili wa mwanamke ulipimwa kiunoni, na aliyejua kipimo ni somo peke yake.

Miaka ile ya ule ugonjwa, kabla dawa hazijafika, binti yangu alikuwa akienda kwa dada kupunguziwa. Anarudi, anakaa, anakwenda tena. Mie sikuambiwa. Nilikuja kujua siku tulipomwosha, dada na mie, dada alipokata uzi na shanga zilizobaki zikaenea kwenye kiganja kimoja.

Mtaa wetu hapa Mbagala ulipukutisha watu. Majina yao nayajua yote, ya kwao na ya utani, na mlango aliotolewa kila mmoja. Siyataji. Mengine nikiyatamka hata peke yangu jikoni, nageuka kuangalia nyuma. Wote walianza namna moja: shati linapwaya, mkanda unatobolewa tundu jingine, shavu linaingia ndani. Ukiuliza nyumbani kwake unajibiwa, "Haumwi, kapungua tu." Hata sie tulijibu hivyo. Ndiyo yalikuwa maneno ya wakati ule, kila nyumba iliyatumia, na kila aliyeyasikia alijua maana yake.

Basi mjukuu nikamlisha. Aliachwa anatambaa. Nilimpa uji wa karanga, ndizi za nazi, wali wa nazi, maandazi, kila kitu chenye mafuta kilichoingia nyumba hii kilianza kwake. Hospitali walimpima wakasema mzima, lakini karatasi ya hospitali mtaani nani anaisoma? Mashavu ndiyo yaliyosomwa. Wanawake walikuwa wanasimama njiani wanamfinya mapaja: "Huyu wako, bibi, huyu wako kabisa." Nami nakwenda zangu nikiwa nimeshiba kuliko yeye.

Akakua mwanamke mwenye mwili wake. Akafungua kibanda cha wakala, cha kutuma na kutoa hela za simu, pale barabarani. Kutwa yuko kwenye kiti cha plastiki. Chai ya maziwa inamfuata pale, chapati zinamfuata pale, chipsi za mchana zinamfuata pale. Jioni anarudi nyumbani kuna wali wangu.

Mwaka jana alianguka pale kibandani. Kichwa kilimuuma, akaona giza, wateja wakamshika. Zahanati wakamkuta presha imepanda sana. Nesi akampa dawa, akamwambia na mwili upungue, la sivyo dawa peke yake hazitamfikisha mbali. Asije akadondoshwa na kiharusi, na umri wake bado mbichi.

"Eti nakula kama mtu anayelima," alinisimulia, "halafu nakaa kama mtu aliyelipwa akae. Chakula kinachozidi kazi hakiendi popote, bibi. Kinajenga chumba mwilini, kinahamia."

"Na mie mbona nimekula ugali maisha yangu yote?"

"Wewe ulikuwa unalima."

Ni kweli. Ujanani kwetu Kisarawe nilikuwa nakula sahani ambayo leo ingetosha nyumba nzima, na mwili wangu ulikuwa kama kamba. Ule ugali nilikuwa naula mie, linashiba jembe.

Akaanza. Sukari kwenye chai akaacha. Soda akaacha. Wali wa nazi akawa anakula kama kuku anavyodonoa. Iliniuma.

"Mke mwenzangu, siku hizi napika sumu?"

"Sumu gani? Bibi, nazi mbili kwa watu wawili! Hicho si chakula, ni kunifukuza duniani."

"Nazi mbili ndizo zilizokulea."

"Zimeshanilea. Sasa ziniachie nitembee."

Halafu akaingia klabu ya jogingi. Hapa kwetu ziko nyingi, kila mtaa na klabu yake na fulana zake. Ya kwao fulana za kijani. Jumapili alfajiri wanapita barabarani kundi zima, wanaimba, wanapiga makofi, wanaume kwa wanawake, na wengine umri wao wa kukaa na wajukuu. Watu wanatoka kuwapungia. Mie sikutoka. Ile miguu mingi inayokwenda upesi, kwa pamoja, mimi masikio yangu yanaijua kwa jambo moja tu. Wanaume wa kwetu wakibeba jeneza hawatembei, wanakwenda mbiombio, wanapokezana. Miaka ile niliisikia hiyo miguu nikiwa nimelala, nikiwa napika, nikiwa namnywesha huyu mjukuu uji. Jumapili wanapopita hao wa fulana za kijani, nafunga dirisha. Wimbo unabaki nje, miguu inaingia.

Na mwili ukaanza kutoka. Kwanza nilidhani naona vibaya. Mashavu yalipopungua, pakatokea ncha ya kidevu. Shingo ikawa ndefu. Chini ya macho pakachongeka. Siku moja alikuwa kainama anachambua mchicha, akainua uso kuniuliza chumvi iko wapi, na aliyeniuliza ni mama yake. Si kufanana. Watoto wote hufanana na mama zao. Huyu alikuwa yeye, ule uso wa miezi ile alipoanza kwenda Charambe. Miaka yote nilikuwa namjazia mtoto nyama, kumbe nilikuwa namfunika mtu chini yake, na sasa anafukuliwa.

Nilimwambia chumvi iko kabatini. Nikaenda uani nikakaa.

Mtaani nako wakaanza. Wateja wanapiga hodi kibandani: "Sista, mbona umeisha hivyo?" "Dada, unaumwa?" Mwingine akamletea ndizi. Yeye anawajibu, "Siumwi, nafanya mazoezi," nao wanatikisa kichwa kwa huruma, wanatazamana. Alikuwa anarudi jioni kanywea. Siku moja akaniambia, "Bibi, watu wananizika huku wananidai chenji." Alicheka, lakini Jumapili iliyofuata hakwenda kukimbia. Dawa za presha nazo nikaona anazimeza kwa kificho, asionekane mgonjwa.

Ndipo zikamdondoka zile shanga nami nikamtuma Charambe.

Dada yangu alizipunguza, hakumuuliza kitu, akampa na embe za kuja kula njiani. Jumapili asubuhi nikasikia hodi. Ni dada, kanga mbili, baibui juu, na nyuma yake wanawake wawili wa mtaani kwake. Mmoja kabeba chupa kubwa ya chai, ndani supu. Mwingine kuku hai kamfunga miguu.

"Karibuni. Kuna nini?"

"Kuna nini, unaniuliza mie? Tumekuja kumwona mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

Dada akaingia ndani, akafungua pazia la chumba cha mjukuu. Kitanda kitupu, kimetandikwa. Akarudi kasimama katikati ya ukumbi.

"Yuko wapi?"

"Kaenda kukimbia."

"Kamkimbia nani?"

Wale wanawake wakashika midomo. Nikaeleza. Klabu, fulana, presha, nesi. Kadiri nilivyoeleza nikaisikia sauti yangu mwenyewe ikienda pale nisipotaka, mpaka nikafika: "Haumwi, dada. Kapungua tu."

Dada akakaa mkekani polepole, magoti yake yanalia.

"Mdogo wangu," alisema, "maneno hayo uliniambia ya mama yake, ukiwa umesimama hapohapo. Shanga za huyu nimezipunguza mie. Nilipokuwa natoa, mkono ulikuwa unajua kazi yenyewe. Nikasema, ya Rabi, si mara ya pili. Mnaficha nini?"

Kabla sijamjibu, mjukuu akaingia. Fulana imelowa, raba zimejaa vumbi, anahema, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Akapiga magoti kwa wageni.

"Shikamoo bibi mkubwa. Shikamooni."

Dada akamshika paji la uso. "Mnaona? Anachemka. Hili jasho la homa."

"La jogingi, bibi mkubwa. Tumefika mpaka Kongowe."

"Nyamaza. Kuanzia leo hukimbii. Funga nguo zako, unakuja kwangu, utakula, utalala, utarudi mtu. Na hizo dawa unazomeza tutaziona ni za nini."

Nilimwona mjukuu anavyolegea mabega. Si mtu wa kubishana na wakubwa, hivyo ndivyo nilivyomlea. Na huyu alikuwa dada yangu mkubwa, kwetu neno lake halipanguliwi na mdogo mbele ya wageni. Akifunga nguo, najua atakwenda kula wali wa nazi na kuku wa Charambe mpaka mashavu yarudi. Watu watafurahi. Kisha atarudi kwenye kiti cha plastiki, na siku moja atadondoka tena, pengine hakuna wa kumshika.

Akanigeukia. "Bibi, sema wewe. Ukisema niache, naacha."

Uso ule ukanitazama. Wallahi nilitaka kusema acha. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nilitaka ajae, afunikwe, yule mwingine arudi chini akalale.

"Dada," nikasema, "mama yake tulimwosha nani na nani?"

"Mie na wewe."

"Unakumbuka mguu wake?"

Ule mguu tuliuinua kwa vidole. Ngozi ilikuwa inateleza juu ya mfupa kama soksi ya mtu mzima kwa mtoto.

"Basi shika wa huyu."

Mjukuu alikaa, akanyoosha mguu juu ya mkeka. Dada akaangalia wale wenzake, akaangalia kuku, akaweka mkono kwenye shavu la mguu. Akaubana. Akaubana tena kwa nguvu, kama mtu anayechagua fenesi sokoni. Akapanda mpaka juu ya goti.

"Bibi mkubwa, unanitekenya!"

"Tulia, shetani wewe." Dada alikuwa hamtazami, alikuwa anatazama mkono wake mwenyewe. "Hii nyama," alisema. "Hebu kaza."

Mjukuu akakaza.

"Loo! Jamani, njooni mshike. Huyu mtoto ana mguu wa mbeba mizigo."

Wale wanawake wakaja, wakashika, wakacheka, mmoja akasema mume wake angekuwa na mguu kama ule asingemwacha alale. Mwingine akauliza hiyo klabu inachukua watu wa umri gani, na fulana wanatoa size ya mwili kama wake? Kelele zikaingia ukumbini. Mtu akafungua chupa, supu ya mgonjwa ikagawanywa kwa wasioumwa. Mjukuu alikunywa kikombe kimoja akasema basi, na safari hii hakuna aliyemlazimisha. Kuku alifunguliwa kamba, akaenda uani.

Kila mmoja aliushika ule mguu isipokuwa mie. Nadhani dada aliona.

Wakati wa kuondoka aliniacha nimsindikize mpaka kona, wenzake kawatanguliza mbele. Akanishika kiwiko.

"Haumwi," alisema.

"Haumwi."

"Lakini ule uso."

"Naujua, dada."

"Umekuwa ukikaa nao humu peke yako?"

Nikamwambia ndiyo. Akanibana kiwiko kama alivyobana ule mguu, akaenda zake.

Sasa nesi anafurahi. Kasema presha imeshuka, akienda hivyo dawa nazo atapunguziwa. Mjukuu anakimbia kila Jumapili na anasema hajalala vizuri hivi tangu utoto. Ningekuwa mtu wa kushukuru tu, ningeshukuru nikaishia hapo. Lakini kila anavyozidi kupona, mama yake anazidi kuja. Juzi kaja mpaka mabega. Anapita ukumbini na beseni la nguo, mie kwenye mkeka naitika kama niliyeitwa 'mama', na hakuna aliyeniita.

Jioni napakua mie. Wali ni wa nazi moja siku hizi, na mchicha mwingi, na samaki wa kuchoma. Kwake naweka upawa mmoja na kidogo. Namtazama akila, taa iko nyuma yake, na mkono wangu unataka kurudi chunguni umwongeze, umjaze, umjaze mpaka uso ule ufungwe. Namuuliza kama kashiba.

"Nimeshiba, mke mwenzangu."

Nafunika chungu kwa sahani, na juu ya sahani naweka jiwe la kusagia pilipili.