Tredi Ndefu Kuliko Soketi

Haya niliyaona kwa macho yangu, tena jua lilikuwa limetua sasa hivi. Sikuwa usingizini, sikuwa nimetafuna miraa, na anayetaka kunicheka acheke, kisha aje dukani kwetu Garissa aone mkono wa shati la Hussein unavyoning'inia mtupu.

Hussein ni fundi mwenzangu. Yeye ni Msomali wa hapa hapa Garissa, mimi nimetoka Mwingi, na kazi ya umeme tumeifanya pamoja tangu hatujaota ndevu. Wakati huo tulikuwa Griftu, tukiweka nyaya kwenye ghala jipya la nyama karibu na soko la mifugo. Mwenye ghala alitaka nyaya zipite ndani ya mabomba ya chuma, na alikuwa na akili. Kule bomba la plastiki jua hulipasua, na ngamia hulitafuna.

Ila chuma kina kazi. Kuunga bomba na jingine lazima ukate tredi mwishoni, ile mistari ya kuzunguka ambayo soketi, kile kipande kifupi cha kuungia mabomba, hujifunga juu yake. Kifaa chetu cha kukatia kilikuwa kizee, mikono miwili mirefu na meno magumu katikati. Wapo wanaonunua vipya vinavyong'aa, vya bei ya bure, halafu meno yanakatika kabla ya kazi kuanza. Mimi upuuzi huo siutaki. Unasukuma nusu mzunguko, unarudisha kidogo ili chuma kilichokatwa kidondoke, na mafuta unatia kila mara. Mafuta yetu yalipoisha, Hussein akaenda kwa mchinjaji akaleta ya mkia wa kondoo. Yalifaa ajabu, lakini yalinuka uwanja mzima, na harufu hiyo ndiyo iliyotuletea mgeni.

Alifika alasiri, mzee mrefu mwenye kikoi safi, ameegemea kipande cha bomba kuukuu badala ya fimbo. Jiliwa letu, yaani kile chuma cha kubana bomba lisizunguke, lilikuwa limeanza kuteleza.

"Salaam aleikum. Bole na kazi, fundi," akasema. "Hiyo bomba mimi nitashika."

"Adeer, utaumia," Hussein akamwambia. Adeer ni baba mdogo, ndivyo wanavyomwita mtu mzima kwa heshima.

Akalishika kwa mikono mitupu. Niamini, Hussein aliulalia mpini kwa uzito wake wote na bomba halikugeuka hata kidogo. Kisha yule mzee akaokota vipande vya chuma vilivyojikunja chini, vikali, bado vina moto na vimelowa mafuta, akavitia mdomoni akatafuna. Tulisikia vikivunjika. Hussein akacheka akasema, "Adeer, si ungeniambia una njaa." Unashangaa hatukukimbia? Tulikuwa na kazi ya kumaliza, na mzee alikuwa jiliwa bora kuliko letu.

Adhana ya magharibi ikasikika. Hussein akatawadha kwa maji ya jerikeni, akatandika mkeka wake uwanjani. Mzee hakuswali. Alikwenda nyuma ya rundo la mchanga, nami niliyekuwa nakusanya vifaa nikamwona akijisugua kwa lile bomba lake, kutoka kisogoni hadi visiginoni, taratibu, kama mtu anayejipaka sabuni. Bomba likaanguka mchangani. Aliyesimama pale alikuwa fisi.

Wenyeji wana jina la watu hao: qori ismaris, mtu anayejisugua kijiti jioni akawa fisi, na alfajiri akajisugua tena akawa mtu. Nilikuwa nimelisikia mara nyingi, nikidhani ni la kutishia watoto.

Yule fisi alimkamata Hussein akiwa amesujudu. Mkono wa kulia, ule ule ulioshinda kwenye mafuta. Nilimpiga fisi mgongoni kwa nyundo, nikaona ni kama napiga gurudumu la lori. Basi nikakumbuka habari ya kijiti, nikaliokota lile bomba lake, nikalibana kwenye jiliwa, nikashika msumeno. Unajua kukata chuma kwa mkono huchukua muda gani, rafiki yako akiliwa nyuma yako? Nilisikia mfupa. Sikugeuka. Bomba lilipokatika vipande viwili, fisi alilia kwa sauti ya yule mzee, akamwachia Hussein, akatokomea vichakani. Hospitali walimkata mkono juu ya kiwiko.

Tuliporudi Griftu kuchukua vifaa vyetu, tulimkuta mwanamke ameketi mlangoni mwa ghala na vile vipande viwili mapajani.

"Baba ya watoto amebaki fisi," alisema. "Usiku anakuja kulala nje ya nyumba, watoto wake wanamtupia mawe. Fundi, nakuomba, unganisha hii fibande."

Nilitaka kumfukuza. Hussein akasema, "Mwunganishie."

Nikaanza kukata. Fundi yeyote anajua kwamba tredi inatakiwa iishie ndani ya soketi. Ikibaki nje ni kazi mbovu, na kingo zake mpya zinachana kidole. Nilipofika urefu unaotosha nikaacha.

"Endelea," Hussein akasema. Nikamtazama. "Endelea kukata."

Nilielewa anachotaka, na kusema kweli nami nilikitaka. Nikakata tredi ya shibiri nzima kila upande, nikaviunga kwa soketi katikati. Hatukupiga tupa kulainisha zile kingo. Mwanamke akatuombea dua ndefu, akaondoka na bomba lake.

Mzee alirudi kuwa mtu. Alihama Griftu, sasa anakaa mtaa wa pili kutoka dukani kwetu, kwa sababu kila jioni na kila alfajiri lazima ajisugue kwa bomba hilo, na tredi inamchana. Ngozi yake ni mistari juu ya mistari, mingine imekauka, mingine bado inatoa maji. Anaingia, anaweka bomba mezani kwa adabu.

"Fundi, nibigie tuba kidogo tu."

Hussein anamkaribisha chai. Anamwuliza habari za watoto. Kisha anamwambia, "Njoo kesho, adeer." Na kesho anakuja.

Niliona huruma, nikamwuliza Hussein kwa nini tusimalize jambo hili. Akanijibu bila kuinua sauti. "Nikimwambia sitaki, atatuua. Nikimpigia tupa, hatakuwa na haja nasi, atatuua vilevile. Acha angoje."

Basi wewe fundi, wa Garissa, wa Liboi, wa popote pale, akikujia mzee mwenye mikwaruzo mwili mzima akakuwekea mezani bomba lenye soketi katikati, mpe chai na mwambie tupa huna. Ataomba vizuri, na utamhurumia, najua. Sisi ndio tutakaoliwa.