Hondohondo wa Kiwanja Namba Tisa

Lojimin alikuwa amekata miti ya Sabah, kisiwani Borneo, miaka thelathini, na kwa kauli yake mwenyewe, mtu wa kumfundisha mti alikuwa hajazaliwa. Basi siku ya kuweka alama kwenye mradi wa nyumba, aliona tope limeziba tundu la mti mmoja mkubwa. Akasema, mchwa hao, akapaka rangi nyekundu: ukatwe. Mchwa! Mdusun mzima, mwenyeji wa misitu hiyo, asahau kwamba hondohondo jike hujiziba ndani alee kinda, na dume humlisha kupitia ufa! Majigambo nayo yana siku yake.

Jumatatu misumeno ya injini iliunguruma. Lojimin alipoufikia mti ule, mdomo wa manjano ukachomoza ufani. Akazima injini.

"Bosi, humu ndani mna mama."

Chong, msimamizi, akafunua ramani. "Hapa ni nyumba namba tisa, mzee. Ya Rosnih, mwanao. Haya, acha mti, binti yako akajifungulie kwa mama mkwe."

Lojimin akampigia simu bintiye. Rosnih, mwenye mimba ya miezi minane, hakumung'unya maneno. "Baba, nikalale juu ya kaburi la mama mwenzangu? Thubutu!"

Chong akakuna kichwa. Nyumba ingeweza kusogezwa kando ya barabara, lakini dume wa hondohondo huyo alikuwa amekimbia kelele za misumeno. "Nangoja mpaka Jumatano adhuhuri. Asiporudi, jike atakuwa ameshakufa njaa. Sisogezi nyumba kwa ajili ya maiti."

Kazi ikasimama. Jumanne, kimya. Jumatano asubuhi, kimya, na ule mdomo hauonekani tena. Lojimin alikaa chini ya mti, wali wake ungali umefungwa kwenye jani, akiitazama rangi aliyoipaka kwa mkono wake. Alijichukia.

Saa tano na nusu mbawa zikavuma. Dume akatua, akagonga tope, akasogeza tini mwitu ufani. Hakuna aliyeipokea. Ikaanguka miguuni pa Lojimin. Dume akatoa ya pili, akangoja. Taratibu mno, mdomo wa manjano ukaja, ukaichukua.

Lojimin akaangua kilio.

"Mzee mzima unamlilia ndege?" Chong alimtania, huku kalamu yake ikiihamisha namba tisa kwenye ramani.

"Nani anamlilia ndege? Njaa hii! Tangu Jumatatu chakula hakinipiti kooni."

Akafungua jani, akala wali wote.